Jinsi ya kutenda kwa imani juu ya ahadi ya Mungu: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. Nitajuaje ahadi hii ni yangu? Nikishaomba, kesho asubuhi nifanye nini? Niache dawa? Nimeamini mwaka mzima na sijaona kitu, nimekosea wapi? Mwongozo huu ni wako wewe uliyeokoka karibuni, na wewe pia uliyekaa kanisani miaka mingi lakini ukiambiwa "simamia ahadi" hujui pa kuweka mguu.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana kila hatua hapa chini inalitegemea: hatua ya imani hujitungii. Wakoma kumi waliambiwa waende kwa makuhani (Luka 17:14). Naamani, aliyekuwa na ukoma, aliambiwa akaoge Yordani, ingawa kwake mito ya Dameski, Abana na Farpari, ilikuwa bora zaidi (2 Wafalme 5:12). Petro, baada ya usiku mzima bila samaki, alisema "kwa neno lako nitazishusha nyavu" (Luka 5:5). Karibu na ahadi huwa pana agizo, na agizo hilo ndilo kazi yako. Wengi huumia kwa sababu wameshika ahadi ya Mungu, kisha wakajiandikia agizo wenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Biblia nzima. Picha za mistari zinazotumwa WhatsApp hazitoshi, maana zimekatwa sura iliyobaki. Ukiweza, uwe na tafsiri mbili, Union Version na Habari Njema. Yenye marejeo pembeni ya ukurasa itakuokolea muda.
- Daftari moja la kazi hii tu. Kurasa 96 zinatosha.
- Dakika 40 kwa siku ya kwanza, na kama dakika 15 kila siku baada ya hapo.
- Mtu mmoja aliyekomaa katika imani: mchungaji, mzee wa kanisa, mama au baba wa kikundi chenu cha maombi. Awe mtu asiyefaidika chochote na uamuzi wako. Kama fedha utakayotoa itaishia mikononi mwake, tafuta mwingine wa kukushauri.
- Dhambi unayoijua, iungame sasa. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Hapo tayari una ahadi yenye agizo lake: kazi yako ni kuungama, kazi yake ni kusamehe. Ukimaliza kuungama, inuka. Usingoje kujisikia umesamehewa.

Hatua ya 1: Andika haja yako kwa sentensi moja

"Mungu anibariki" haipimiki. Hutajua kama umejibiwa. Andika hivi: "Ada ya mtoto wa kidato cha pili, shilingi 280,000, inatakiwa kabla ya tarehe 15." Kisha tenga haja na njia. "Nahitaji ada" ni haja. "Mjomba anitumie" ni njia. Andika haja, njia mwachie Bwana.

Hatua ya 2: Tafuta ahadi, kisha usome sura nzima

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, usiharakishe. Soma sura yote mara 3. Halafu isome ahadi kama unavyosoma mkataba wa nyumba ya kupanga, ukijibu maswali manne kwenye daftari: Nani anasema? Anamwambia nani? Kwa sharti gani? Kwa muda gani?

Jaribu na Yeremia 29:11, mstari unaobandikwa kila mahali: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 10 unataja miaka 70, maana yake watu wazima wengi walioisikia barua ile ikisomwa wangezikwa huko huko Babeli. Na mstari wa 5 hadi wa 7 una maagizo: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni mji amani. Moyo wa Mungu unaoonekana pale unakuhusu, kwa kuwa yeye habadiliki. Kurudi Yerusalemu baada ya miaka 70 hakukuhusu. Na kuifanya ahadi ya kupata kazi mwezi ujao ni kuweka maneno kinywani mwa Mungu.

Wafilipi 4:13 nayo: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Aliyeandika ni Paulo akiwa mfungwa, na mistari miwili iliyotangulia inaeleza mambo yote ni yapi: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Ni ahadi ya nguvu ya kustahimili hali zote. Mwanafunzi asiyefungua kitabu hana mtihani ndani ya mstari huu.

Vipi kuhusu ahadi za Agano la Kale walizopewa watu fulani? Tumia kipimo hiki. Mungu alimwambia Yoshua kwamba hatampungukia wala hatamwacha (Yoshua 1:5). Waebrania 13:5 inalichukua neno hilo na kulikabidhi kwa waamini wote: "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Agano Jipya likiipanua ahadi namna hiyo, ishike bila kusita. Lisipoipanua, nenda polepole, na umuulize yule mtu wako aliyekomaa.

Kama ndiyo unaanza, usikimbilie ahadi ngumu. Fanya mazoezi na Yakobo 1:5 (hekima), Wafilipi 4:6-7 (amani) na Waebrania 13:5 (kutoachwa). Walioandikiwa ni waamini wote na masharti yake yako wazi. Mathayo 6:25-34, kuhusu chakula na mavazi, ifuate baadaye.

Hatua ya 3: Tenga kazi yako na kazi ya Mungu

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika "Mungu atafanya", kulia "Mimi nifanye". Kisha pitia kila kitenzi na kukiweka upande wake.

Chukua Wafilipi 4:6-7. Kulia utapata vitu vinne: kutojisumbua, kusali na kuomba, kushukuru, na kuzitaja haja zako kwa Mungu. Kushoto kuna kimoja: amani ya Mungu itahifadhi moyo wako na nia yako. Iangalie safu ya kushoto vizuri. Hakuna fedha pale. Anayelalamika kwamba mstari huu haukutimia mara nyingi alikuwa akingoja deni lilipwe, ilhali kilichoahidiwa ni amani wakati deni bado lipo. Au aliomba bila kushukuru hata kwa jambo moja, akaacha robo ya kazi yake.

Yakobo 1:5: "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei; naye atapewa." Kulia: kuomba, tena bila nia mbili (mstari wa 6 hadi wa 8). Kushoto: kupewa hekima. Ukishaomba, kaa uliwaze jambo lenyewe, uliza wanaolijua, uamue. Uamuzi ukiupata, upime kwa Yakobo 3:17: hekima itokayo juu ni safi, ya amani, ya upole. "Hekima" iliyokuacha na ugomvi na wivu haikutoka huko.

Kosa la hatua hii ni kuvuka mstari na kufanya kazi ya upande wa kushoto. Abramu alitoka Harani akiwa na miaka 75, na ahadi ya uzao mkononi. Akiwa na 86 alikuwa na Ishmaeli kwa Hajiri, kwa mpango wa nyumbani. Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100. Ile miaka ya katikati ilileta machozi kwa wote watatu, Ibrahimu, Sara na Hajiri, na kwa kijana pia.

Ukitafuta sura nzima na usione agizo lolote, endelea na wajibu wako wa kila siku huku ukingoja. Usibuni agizo ili tu uonekane unafanya kitu.

Hatua ya 4: Omba kwa maneno ya ahadi yenyewe

Nehemia alimkumbusha Mungu neno alilomwagiza Musa (Nehemia 1:8-9). Danieli alisoma miaka 70 katika kitabu cha Yeremia, ndipo akauelekeza uso wake kwa Bwana kwa maombi (Danieli 9:2-3). Fanya vivyo hivyo, dakika 10 zinatosha: soma mstari kwa sauti, taja haja uliyoiandika, shukuru kwa mambo matatu ya kweli, kisha nyamaza kidogo. Andika tarehe.

Kufunga si sharti la kila ahadi. Ukitaka kufunga, anza na mlo mmoja na uendelee kunywa maji. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au dawa za kumeza pamoja na chakula, amuulize daktari kwanza. Anaweza kufunga kitu kingine, kama simu. Na kiongozi anayekuamuru ufunge bila maji, au bila siku ya kumaliza, ondoka kwake leo. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto pia, baada ya watu kufundishwa kwamba kufa njaa ni njia ya kumwona Yesu. Mungu hakuahidi hivyo mahali popote katika Maandiko.

Hatua ya 5: Fanya tendo moja ndani ya saa 24

Rudi kwenye safu ya kulia na uchague tendo moja: dogo, halali, linaloonekana, lililo ndani ya uwezo wako leo.

Soma Matendo 27 uone jinsi ahadi na tendo zinavyokwenda pamoja. Katikati ya dhoruba Paulo alipewa neno na malaika: hakuna hata mmoja atakayepotea, ila merikebu tu. Ahadi kamili, bila shaka yoyote. Lakini mabaharia walipojaribu kutoroka kwa mashua, wakijifanya wanatupa nanga za omo (mbele ya merikebu), Paulo aliwaambia akida na askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu, hamtaweza kuokoka." Askari wakazikata kamba za mashua. Kulipokaribia kupambazuka akawahimiza wote wale chakula, maana walikuwa na siku 14 bila kula. Wakala, watu 276, kisha wakatupa ngano baharini ili merikebu iwe nyepesi. Wenye kujua kuogelea wakajitupa kwanza, wengine wakashika mbao na vipande vya merikebu. Wote wakafika pwani salama. Paulo hakuona kwamba mkate na mbao vinaipunguza ahadi.

Basi kwa ada ya shule: kamwone mwalimu mkuu kabla ya tarehe ya mwisho, eleza hali ilivyo, omba kulipa kwa awamu, na siku hiyo hiyo tafuta kibarua. Kwa ugonjwa: Yakobo 5:14 inamwagiza mgonjwa mwenyewe awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Piga simu, usikae ukinung'unika kwamba hawajaja. Na kliniki uende. Mfalme Hezekia alikwisha kuahidiwa kupona na kuongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5-7).

Kabla ya kutenda, jiulize mambo haya matatu. Je, agizo hili liko katika Maandiko, au limetoka kichwani mwangu au kwa mtu? Ni nani atakayelipa gharama zaidi yangu: mke au mume, watoto, anayenidai? Na jibu likichelewa, nitakuwa nimehatarisha uhai au kuvunja sheria? Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamnukulia Zaburi ya 91. Mstari ulikuwa wa kweli, agizo la kujitupa lilikuwa la Shetani. Yesu alijibu: "Usimjaribu Bwana Mungu wako" (Mathayo 4:7).

Hatua ya 6: Kiri alichosema, usizidishe

Waebrania 13:5-6 inaonyesha mpangilio: yeye mwenyewe amesema, hata sisi twathubutu kusema, "Bwana ndiye anisaidiaye, sitaogopa." Kukiri ni kulirudia neno lake. Huhitaji kukana hali yako. Ibrahimu aliufikiri mwili wake wa karibu miaka 100, mwili uliokuwa kama umekwisha kufa, na imani yake haikudhoofika (Warumi 4:19). Sema: "Nina sukari, na Bwana ndiye anisaidiaye." Kusema "sina ugonjwa wowote" huku kipimo kinasema vingine ni uongo, na imani haijengwi kwa uongo.

Hatua ya 7: Endelea na uandike

Weka safu tano kwenye daftari: tarehe, ahadi, agizo, nilichofanya, kilichotokea. Lipitie kila Jumapili jioni. George Müller, aliyeanza kulea yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, aliandika haja na majibu yake kwa tarehe, akatunza hesabu na kuzitangaza kila mwaka, na alikataa kukopa. Imani na hesabu safi ziliishi nyumba moja.

Tarajia siku ambazo hakuna kinachobadilika. Yeriko ilizungukwa mara 13, na kwa siku 6 nzima ukuta haukuonyesha hata ufa. Eliya alikuwa ameshaahidiwa mvua (1 Wafalme 18:1), na bado alimtuma mtumishi wake mara 7 kutazama upande wa bahari.

Makosa yanayoharibu maisha

*Kuacha dawa.* Usiache ARV (dawa za VVU), dawa za kifua kikuu, za sukari, za presha wala za kifafa kwa sababu umeombewa. Ukiacha ARV, virusi huongezeka tena na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi 6, na kujisikia nafuu mwezi wa pili hakuna maana kwamba umepona. Ukiamini Mungu amekuponya, nenda upimwe. Wale wakoma kumi walitumwa kwa makuhani kwa sababu sheria iliwapa makuhani kazi ya kuwakagua na kuwatangaza kuwa safi (Walawi 14). Yesu mwenyewe aliwapeleka kwenye ukaguzi. Daktari aseme ndipo uache, kwa utaratibu atakaokupa.

*Kukopa ili "kupanda mbegu", yaani kutoa sadaka ukitarajia kurudishiwa zaidi.* 2 Wakorintho 8:12: nia ikiwapo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Fedha ya VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), ya chama au ya mkopo wa simu huna. Ni ya wenzako. Na sadaka haitolewi kwa lazima (2 Wakorintho 9:7), hivyo anayekutajia kiasi na kukutisha kwa laana amekwenda nje ya Neno.

*Kutenda baada ya wakati.* Israeli walikataa kuingia Kanaani walipoagizwa. Kesho yake, baada ya kuambiwa wasipande tena, wakapanda kwa ushupavu, wakapigwa mpaka Horma (Hesabu 14:40-45). Nchi ilikuwa ile ile na ahadi ile ile, lakini agizo lilikuwa limebadilika.

Ukikwama

*Nina shaka.* Baba wa kijana aliyekuwa na pepo alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa siku hiyo (Marko 9:24). Mwambie Bwana hivyo hivyo, kisha fanya lile tendo. Nia mbili anazozikemea Yakobo ni za mtu anayeomba huku amekwisha kuamua kutotii.

*Sihisi kitu.* Hakuna hatua hapa inayohitaji hisia. Endelea.

*Muda umepita, sijapata.* Rudi hatua ya 2 na ya 3, mara nyingi tatizo liko huko. Kisha angalia Yakobo 4:3, kama uliomba ili utumie kwa tamaa. Kwa mume, soma 1 Petro 3:7: unavyoishi na mkeo kunaweza kuzuia maombi yako. Ukikuta yote yako sawa, usijitafutie dhambi isiyokuwepo. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliokuwa katika mwili wake utoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:8-9), na mwiba ukabaki. Trofimo, mwenzake wa safari, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na Paulo hakumlaumu kwa neno lolote.

*Wananiambia sina imani.* Soma Waebrania 11 mpaka mwisho. Mistari ya 33 na 34 inataja waliofunga vinywa vya simba na kuokoka na upanga. Mstari wa 37 unataja waliopigwa mawe na kukatwa kwa misumeno. Wote wameshuhudiwa kwa imani hiyo hiyo.

*Nimeshachukua hatua mbaya.* Ungama, halafu rekebisha wiki hii hii. Kama uliacha dawa, rudi kliniki na useme ukweli ni siku ngapi hujameza, maana huenda wakakupima upya kabla ya kukuanzishia. Kama uliacha kazi, omba kurudi kabla nafasi haijajazwa. Kama ulikopa, mwendee anayekudai kabla hajaanza kukutafuta, mtajie kiasi unachokiweza kweli, hata kama ni 10,000 kwa wiki, na mwandikiane mbele ya shahidi.